Je, niache kazi ya duka nitegemee kazi za mtandaoni?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwapa. Mchana ninauza katika duka la vifaa vya ujenzi kwa mshahara wa shilingi 16,000, na usiku, watoto wakishalala, ninasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuzinukuu kwa maandishi, kazi ninazozipata kupitia Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni. Katika miezi sita iliyopita nimepata dola 310, 95, 220, 60, 405 na 170. Mume wangu ni dereva wa tuktuk. Akishampa tajiri hesabu yake, hurudi na kati ya shilingi 600 na 900 siku ambazo kazi ipo. Kodi ya nyumba ni 8,500, na mtoto mkubwa hudaiwa 9,000 shuleni kila muhula. Pamoja na kuhangaika kote huko, wiki ya mwisho ya kila mwezi tunaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, na mwezi uliopita ada zake peke yake zilifika 1,140. Mume wangu anasema niache duka kwa sababu wastani wa dola 210 ni karibu mara mbili ya mshahara wangu. Jirani naye ananihimiza niweke 15,000 katika programu inayolipa 600 kila siku kwa kubofya video. Nifuate lipi?

Jibu: Dada yangu, usiache duka mwaka huu, na usimpe jirani hata shilingi moja. Hilo la jirani nitalimaliza mwishoni kwa maneno machache, maana halihitaji mengi. La duka ndilo linalotaka hesabu, na nakushukuru kwa kuniandikia mapato ya miezi yote sita badala ya ule mmoja ulio mzuri. Nilikaa miaka mingi katika meza ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo, na karibu kila aliyekuja akisema anaishi kwa kazi za mtandaoni alinionyesha picha ya skrini ya mwezi wake bora. Nikimwomba mwezi uliotangulia na uliofuata, mazungumzo hubadilika.

Tuanze na huo wastani. Ni kweli kwamba jumla ya mapato yako ni dola 1,260, na ukiigawanya kwa miezi sita unapata 210, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni 27,090. Hiyo ndiyo fedha anayoiona mume wako, na sina shaka kwamba mabishano yenu mengi yanaanzia hapo: yeye anasoma dola kwenye kioo cha simu, wewe unahesabu shilingi zilizofika mkononi. Kati ya kioo na mkono kuna wakataji wengi. Upwork ilikuwa ikikata asilimia 10 ya kila mkataba tangu 2023, na tangu 2025 kiwango hicho kinaweza kuwa chochote kati ya 0 na 15 kulingana na mkataba wenyewe, tuchukue 10. Kuhamisha fedha na kuzibadili kuwa shilingi, hasa kama unapitia PayPal na kuzitoa kwa M-Pesa, hula sehemu nyingine, si kwa ada inayoonekana tu bali pia kwa kiwango cha ubadilishaji kilicho chini ya kile cha soko. Nimeweka asilimia 4. Hapo kila dola yako imebaki na thamani ya shilingi 111 na senti.

Bado hatujagusa gharama za kazi yenyewe. Intaneti ya nyumbani, tuseme 2,500 kwa mwezi. Connects, zile tiketi unazonunua kwa senti 15 za dola ili uombe kazi, nazo ni fedha. Ukinunua 40 kwa mwezi umetumia dola 6, takriban shilingi 800. Umeme wa kompyuta na feni hadi saa saba za usiku, 600. Halafu kuna kompyuta, ambayo watu huisahau kabisa kwa kuwa ilishanunuliwa. Ikiwa uliinunua ikiwa imetumika, kwa 36,000, na itadumu miaka mitatu, basi kila mwezi inakula 1,000, na siku itakapozima katikati ya kazi ya mteja hutaomba mkopo wa kununua nyingine ikiwa ulikuwa ukiiwekea hiyo 1,000. Jumla ya gharama hizo ni 4,900 kwa mwezi. Ukiziondoa, wastani wako si 27,090 tena. Ni kama shilingi 18,500. Bado ni fedha ya maana, tena imeupita mshahara wa duka, lakini tofauti imekuwa 2,500 tu, wala si mara mbili.

Na hizo 2,500 utazipata kwa kupoteza nini? Ikiwa mwajiri wako amekuandikisha kama sheria inavyotaka, kila mwezi yeye hukuongezea katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 6 ya mshahara, yaani 960, sawa na zile zinazokatwa kwako. Mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75, ambao kwako ni 440, hukatwa kidogo kidogo bila wewe kuuhisi. Ukijiajiri, hulipi tena kwa mwezi kutoka kwenye mshahara, bali unatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Ikiwa hujaandikishwa kokote, hilo nalo ni jambo la kumwuliza mwajiri kabla hujafikiria kuacha kazi.

Hata hivyo, hoja kubwa si makato. Soma upya miezi yako miwili dhaifu, ule wa dola 95 na ule wa 60, kisha ujibu kwa ukweli: je, mapato yalishuka kwa sababu ulikosa muda, au kwa sababu ulikosa kazi? Ikiwa wateja walikuwa wakikutumia sauti ukazikataa kwa kuwa kesho yake ulitakiwa dukani saa mbili asubuhi, basi kuacha duka kutakuongezea kipato. Lakini ikiwa ulikaa macho ukiomba kazi usijibiwe, saa tisa zaidi kwa siku zitakuongezea kuomba tu, na kuomba kunalipiwa. Nionavyo, jibu lako liko karibu zaidi na hili la pili, kwa kuwa mwezi wa dola 405 uliufanya ukiwa dukani vilevile. Muda ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kazi iliyokuwapo.

Upungufu huo wa kazi hauko mikononi mwako. Mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks, ambalo vijana wengi wa Kenya walikuwa wakilitegemea kwa kazi za kupanga data, lilifunga shughuli zake nchini, na watu waliolala wakiwa na kazi waliamka hawana hata mtu wa kumpigia simu. Kazi yako ya kunukuu ina hatari ya namna yake: programu za kompyuta sasa zinanukuu Kiingereza safi kwa bei ya karibu na bure, na mteja hataendelea kulipa kwa kile anachokipata kwa kubofya. Ambapo sikio la mtu bado linahitajika ni katika sauti ngumu: mahojiano ya watafiti yaliyorekodiwa sokoni, mzee wa Kimvita anayesimulia habari za uvuvi, vijana wanaochanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja. Kila anayenukuu anajua kwamba saa moja ya sauti njema hula saa nne za mkono, na ile yenye honi na upepo hula sita; hiyo ya saa sita ndiyo utakayobaki nayo, kwa hiyo jifunze kuitoza bei ya saa sita. Hapo ndipo ningekushauri upeleke wasifu wako kuanzia sasa, badala ya kugombania Kiingereza na ulimwengu mzima.

Dola yenyewe nayo haikai mahali pamoja. Januari 2024 ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Mtu aliyekuwa akipata dola 210 alitoka 33,600 akaangukia 27,300 ndani ya miezi miwili bila kufanya kosa lolote na bila kupungukiwa na kazi hata moja. Ukipanga bajeti, hesabu dola kwa 120, na kinachozidi kikukute kama zawadi.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hata ukipata dola 400 kila mwezi, Fuliza haitakuondoka kwa mpangilio mlio nao. Ninyi pwani mnalijua birika, lile la kukingia maji ya mvua. Mvua hunyesha inapotaka, lakini nyumba huchota ndoo zilezile kila siku, na hakuna anayeoga mara tano kwa sababu jana ilinyesha. Fedha za mtandaoni ni mvua. Kosa lenu ni kuinywa papo hapo inyeshapo: dola zinaingia, mnalipa madeni, mnanunua magodoro, jamaa wanasikia, na wiki tatu baadaye mnakopa ya unga.

Fungua mahali pa peke yake ambapo kila malipo ya mtandaoni yatatua, pasiwe laini yako ya M-Pesa ya kila siku. Sababu ni mbili. Fuliza hujilipa yenyewe mara tu fedha yoyote inapoingia katika laini hiyo, kwa hiyo mapato yako huliwa kabla hujayapangia. Na fedha iliyo umbali wa namba ya siri moja huisha hata kama hakuna dharura. Chama cha akiba na mikopo kilichoidhinishwa na SASRA, mamlaka inayosimamia vyama hivyo, kinafaa. Mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji unafaa zaidi, kwa maana hukulipa riba, ambayo hukatwa kodi ya asilimia 15, na kuitoa fedha yako huchukua siku moja, mbili au tatu za kazi. Wengi hulalamikia kungoja huko. Mimi nakuona ndiko faida kubwa ya mfuko wenyewe.

Kutoka katika birika hilo, jilipe mshahara, ule ule kila mwezi, tarehe ile ile. Wa kiasi gani? Nilichukua miezi yako sita, nikaondoa makato na gharama zile 4,900, nikabaki na 29,660, kisha 5,690, 19,630, 1,790, 40,250 na 14,050. Kisha nikatenga 2,400 kila mwezi kwa ajili ya kodi ya serikali, ambayo nitaieleza punde. Nilipojaribu kukulipa mshahara wa 12,000, birika lilikauka mwezi wa nne, likapungua shilingi 830. Kwa 11,000 halikukauka: mwezi huo wa nne, ule wa dola 60, lilishuka hadi 3,170, likapanda tena, na mwisho wa mwezi wa sita likawa na 30,670. Laiti ungelikuwa umejilipa 11,000 tangu mwanzo, leo ungekuwa na akiba ya takriban miezi mitatu ya mshahara huo badala ya barua hii. Angalia pia kwamba kilichokuokoa ni kuanza na mwezi mzuri. Kama miezi ile ingekuja kwa mpangilio mwingine, ule wa 60 ukiwa wa kwanza, hata 11,000 isingelipika. Kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili usijilipe chochote, au jilipe 5,000, mpaka birika lishike maji.

Na katika miezi hiyo ya kungoja, cha kwanza kukilipa ni Fuliza. Ulizotozwa mwezi uliopita, 1,140, ukizizidisha kwa 12 ni 13,680 kwa mwaka, yaani karo ya muhula mmoja na nusu ya mtoto wako. Deni la Fuliza hutozwa ada kwa kila siku linapokaa, ndiyo maana kulilipa nusu nusu hakusaidii sana. Kusanya kiasi kamili, lifute siku moja, kisha ujitoe katika huduma hiyo. Kujitoa kunawezekana pale tu usipodaiwa. Ninajua mume wako atasema ni vizuri ibaki kwa ajili ya dharura. Mwambie kwamba dharura iliyotokea miezi sita mfululizo, wiki ile ile, ina jina lingine.

Namna ya kugawa matumizi baina yenu wawili ni jambo ambalo wataalamu wengi hulipangia asilimia, hamsini hii, thelathini ile. Kwa nyumba kama yenu mimi siamini asilimia. Naamini mwendo wa fedha. Fedha ya mume wako huja kwa siku, basi ilishe siku: unga, mboga, mafuta ya taa au gesi, maji, nauli ya watoto. Siku akirudi na 900, zile za ziada ziingie katika kibubu cha siku ambayo tuktuk itakuwa gereji, kwa kuwa siku hiyo ipo, na tajiri hatakuhurumia. Mshahara wa duka huja kwa mwezi, basi ulipe vya mwezi: kodi ya nyumba 8,500, tokeni za umeme, intaneti ya watoto, nauli yako, mchango wa chama ikiwa unao. Na zile 11,000 za birika zishughulikie vya muhula na vya mwaka. Shule inadai 9,000 mara tatu, jumla 27,000, ambazo ni 2,250 kwa mwezi. Zikiwekwa kila mwezi, Januari haitakuja kama mwizi. Weka vilevile sare, viatu, Idi, na safari ya kwenda kwa wazee. Usichanganye mito hii mitatu kwa miezi minne ya mwanzo, hata kama inaonekana upuuzi kukopa nauli kwa jirani ilhali birika lina elfu kumi. Kinachojengwa hapo ni mazoea, na mazoea hujengwa polepole kuliko akiba.

Kuhusu kodi. Wengi wanaofanya kazi za nje hudhani mamlaka ya mapato, KRA, haiwaoni kwa kuwa mteja yuko Kanada. Mapato hayo hutozwa kodi hapa, na fedha zikipita benki au M-Pesa zimeacha alama. Kwa viwango vilivyopo tangu Julai 2023, shilingi 288,000 za mwanzo za mwaka hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30, na kila mkazi hupewa nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Kwa maana hiyo, mwenye 222,000 za mtandaoni peke yake, baada ya gharama, hangelipa kitu. Wewe unayeongeza mshahara wa 192,000 unavuka mstari, na makadirio yangu ni kwamba utadaiwa kati ya 27,000 na 33,000 kwa mwaka kutegemea makato yako ya dukani. Ndiyo hizo 2,400. Tunza risiti za intaneti, Connects na kompyuta, kwa sababu ni gharama za kazi na huondolewa kabla ya kutoza. Kodi ilipwe kabla ya mwisho wa Aprili, na ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka, iwasilishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Usiwasilishe ritani ya sifuri kwa kuwa fulani alikwambia ni rahisi.

Kuna siku ya kuacha duka, na sitaki uone kwamba ninaipinga. Ningekuruhusu siku ambayo birika litakuwa na miezi mitatu ya mshahara wa duka na mshahara wa birika kwa pamoja, yaani 81,000, na wateja wako wasiopungua wawili wawe wanakupa kazi kila mwezi nje ya jukwaa moja. Kwa mwendo wa miezi sita niliyoipiga hesabu, hiyo ni safari ya karibu mwaka mmoja na miezi minne. Kabla ya hapo kuna njia ya katikati ambayo watu huona haya kuiomba: zungumza na mwenye duka akupunguzie siku ziwe nne, na mshahara ushuke kwa kadiri hiyo. Hapo ndipo utajua kwa kipimo, si kwa kukisia, kama siku mbili za ziada zinaleta dola au zinaleta usingizi wa mchana.

Na jirani yako. Shilingi 600 kwa siku kwa 15,000 ni kurudishiwa mtaji katika siku 25, ambayo kwa mwezi ni asilimia 120. Mwulize video hizo zinamlipa nani, na nani anamlipa huyo. Mteja wako wa unukuzi hakulipishi kiingilio ili akulipe. Anakulipa kwa kuwa ameuza utafiti wake. Programu hiyo haina inachokiuza ila nafasi yako, na fedha ya wewe kulipwa mwezi huu itatoka kwa yule utakayemwingiza mwezi ujao. Tanzania waliuona mchezo huu mwaka 2009 kwa DECI, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune, na wakauona tena mapema 2025 kwa LBL, safari hii kwa kutazama video kama hizo za jirani yako. Waliowahi kutoa fedha mwanzoni ndio huwa mashahidi wazuri, na huenda jirani ni mmoja wao, anasema kweli, na wala hakukusudii mabaya. Ukiogopa kuvunja ujirani, mwambie fedha yako iko mahali ambapo huchukua siku tatu kutoka.